Mbwa Wazururao na Mashamba ya Mjini: Habari za Kale na za Sasa

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hufika Nanganga kabla ya kufika Ndanda. Hapo njia ya Ruangwa huachana na njia kuu, na kama ilivyo desturi ya njia panda zote, watu hukutana, hununua, huuza, hula, kisha huendelea na safari zao. Penye watu wengi pana chakula. Penye chakula pana mabaki. Na penye mabaki, usiku ukiingia, pana mbwa. Jambo hili si la Nanganga peke yake. Masasi mjini, Newala mjini, na kila mahali ambapo kijiji kimekua kikawa mji, mbwa huonekana wakitembea makundi makundi, na wenye mbuzi na kuku wamekuwa wakilalamika.

Wengi wetu tukiwaona mbwa wale husema, "Hawana wenyewe, na wauawe." Neno hili ni jepesi kinywani, walakini lina historia ndefu, tena historia hiyo yaonyesha kwamba mara nyingi halikuleta faida. Kwa hiyo nataka tuitazame habari ya mbwa tangu mwanzo wake: walikuja kwetu kwa kazi gani, kwa nini leo wamekuwa hatari kwa mashamba ya mjini, na watu wa nchi nyingine waliopatwa na shida hii walifanya nini.

Kwanza tusichanganye wanyama. Mbwa mwitu, ambaye bado yuko katika mapori makubwa upande wa Liwale na mto Rufiji, si mbwa wetu aliyetoroka. Ni mnyama wa namna nyingine kabisa, mwenye mabaka na masikio ya mviringo, naye huzaa na wenzake tu. Mbweha naye ni mnyama mwingine, mdogo, aendaye usiku pembeni mwa mashamba. Mbwa koko ni mbwa yule yule wa nyumbani, ukoo wake ni mmoja na mbwa alalaye uani kwako. Tofauti yao ni matunzo tu. Neno hili tulishike, maana litatufaa mbele.

Wataalamu wasema kwamba mbwa alitoka katika ukoo wa mbwa mwitu wakubwa wa nchi za baridi, naye amekaa na wanadamu kwa zaidi ya miaka 14,000. Alitangulia kufugwa kabla ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Hakuna mnyama mwingine aliyekaa nasi muda mrefu hivi. Katika nchi yetu ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, mbwa alikuwa na kazi zake zilizojulikana. Alifuatana na mwindaji porini. Alilala kwenye dungu la shamba pamoja na mlinzi, akabweka nguruwe walipokuja kufukua mihogo, na mchana akawakimbiza nyani na ngedere katika mahindi. Mtu aliyelima peke yake mbali na wenzake alimjua mbwa kuwa mlinzi wake wa kwanza. Huko pwani mambo yalikuwa mbali kidogo, maana jirani zetu Waislamu huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, kwa hiyo wengi wao hawakupenda kumfuga nyumbani. Ndiyo sababu moja mbwa wa mikoa ya Kusini ni wachache kwa hesabu ya watu wake kuliko mbwa wa nchi za wafugaji, kama vile Mara.

Sasa tuangalie jinsi watu walivyokaa, maana mbwa hukaa kama akaavyo bwana wake. Karne ya kumi na tisa ilikuwa karne ya hofu katika nchi hii. Biashara ya watumwa ilipita katika njia zetu, na Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, walishuka kupiga vijiji. Mwaka 1882 waliipiga Masasi yenyewe, wakachukua watu mateka, miaka sita tu baada ya Askofu Steere kuwaleta watu walioachwa huru kutoka Unguja. Katika siku hizo watu wa uwanda wa juu walijificha ndani ya vichaka vizito vya Makonde, ambamo njia zilikuwa nyembamba na adui hakuziona. Amani ilipokuja, watu walitoka vichakani wakatawanyika, kila ukoo na shamba lake. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, na vita vikubwa vilivyofika Nyangao na Mahiwa mwezi Oktoba 1917, viliwatikisa tena. Walakini kila mara waliporudi walirudi mashambani mwao, mbalimbali. Katika makao ya namna hiyo mbwa mmoja au wawili wa nyumba moja hawakukutana sana na mbwa wa nyumba nyingine. Chakula chao kilikuwa makombo ya nyumba moja, na mipaka yao ilikuwa mipaka ya shamba moja.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1970, vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa na watu wakakusanywa kukaa pamoja kando ya barabara. Shule, zahanati na maji vilikusudiwa kuwafikia watu kwa urahisi. Lakini nyumba zilipokaribiana, mbwa nao walikaribiana. Mbwa wa nyumba mia walikutana mahali pamoja, nao kwa asili ni wanyama wapendao kwenda kundi. Kisha mashamba makubwa yalibaki mbali, mwendo wa saa moja au zaidi. Mwenye mbwa akaenda shamba, naye mbwa mara nyingi alibaki kijijini bila kazi. Baadaye vijiji vingine vikawa miji. Ikaja masoko, machinjio, migahawa na majalala. Mbwa aliyekuwa mlinzi wa dungu akawa mpita njia, na watoto wake wakazaliwa chini ya vibanda vya soko.

Hivyo twafika kwenye mashamba ya mjini. Watu wa mijini hawakuacha kulima. Ukitembea Masasi au Newala utaona mahindi na mbaazi uani, bustani za mchicha karibu na visima, mabanda ya kuku, mbuzi waliofungwa kamba chini ya mkorosho, na pengine nguruwe wachache katika zizi la miti. Kwa familia nyingi mbuzi wale ndio akiba ya ada na dawa, na kuku ndio fedha ya chumvi na sabuni. Shamba la namna hii ni dogo, halina dungu wala mlinzi wa usiku. Kundi la mbwa watano wenye njaa likiingia katika banda bovu, asubuhi mwenyewe hukuta manyoya. Tena mbwa wakiwa kundi hawana tabia ya mbwa mmoja. Mbwa mmoja huogopa fimbo. Kundi hupeana ujasiri, na mbuzi akianza kukimbia, hata mbwa mpole wa jirani hujiunga na wenzake kumfukuza. Mara nyingi huua wengi kuliko wanavyoweza kula.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mtu humwendea jirani yake akasema, "Mjomba, mbwa wako ameniulia mbuzi." Jirani hujibu, "Mbwa wangu alilala hapa. Hao ni mbwa koko." Mwenye mbuzi hana ushahidi, na mwenye mbwa hana kamba wala banda la kuonyesha kwamba mbwa wake alilala nyumbani. Urafiki huharibika, na usiku wa pili sumu hutegwa katika nyama. Sumu ile haichagui: huua mbwa mwenye kosa na asiye na kosa, huua paka wa jirani, na yaweza kumdhuru mtoto aokotaye kitu chini. Kuku mmoja amezaa uadui wa nyumba mbili.

Hasara ya pili haionekani upesi. Mbwa asiyetunzwa huwa na minyoo mingi tumboni. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi chake na kuingia katika udongo wa bustani, na mtoto achezaye pale, au mtu alaye mboga zisizooshwa vizuri, aweza kuyameza. Yuko mnyoo mmoja wa mbwa ambao mayai yake yakiliwa na kondoo au mbuzi pamoja na majani, funza wake hupanda mpaka kwenye ubongo na kufanya uvimbe wa maji. Mnyama huanza kuzunguka zunguka mahali pamoja kama mlevi, kisha hufa. Wamasai wa Ngorongoro huuita ugonjwa huo ormilo, nao wamepoteza mifugo mingi kwa ajili yake. Nao mzunguko wake twausaidia sisi wenyewe: mnyama yule akichinjwa, kichwa chake hutupiwa mbwa, mbwa hula ubongo wenye uvimbe, mnyoo hukua tumboni mwake, na mayai hurudi tena malishoni. Anayechimba shimo akafukia vichwa na matumbo ya wanyama wagonjwa ameukata mnyororo huo bila fedha hata senti moja.

Lakini hasara ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimwuma mtu, au kumlamba penye jeraha, vijidudu vyake hupita polepole katika mishipa ya fahamu mpaka vifike kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine hupungua ikawa juma moja, pengine huzidi ikafika mwaka. Katika muda huo mtu hajisikii ugonjwa wo wote, na jeraha limekwisha kupona. Hapo ndipo watu hudanganyika. Dalili zikiisha kuonekana, yaani kuogopa maji, kutetemeka, na akili kupotea, karibu hakuna aponaye. Tena ugonjwa huu hauwapati watu na mbwa tu. Mbuzi, ng'ombe, punda, paka na nguruwe wote huugua na kufa wakiumwa. Kwa hiyo mbwa mmoja mgonjwa akipita usiku katika mashamba ya mji, aweza kuacha msiba katika mazizi mengi kabla ya kuanguka mwenyewe.

Wanadamu wameujua ugonjwa huu tangu kale. Katika nchi inayoitwa leo Iraki palikuwa na mji jina lake Eshnunna, na sheria zake, zilizoandikwa katika vibao vya udongo yapata miaka 3,800 iliyopita, zimechimbuliwa na kusomwa. Moja yake yahusu mbwa. Ilisema kwamba ikiwa mbwa ana kichaa, na wakuu wa mtaa wamekwisha kumwonya mwenyewe, naye asimzuie ndani, kisha mbwa akamwuma mtu akafa, basi mwenye mbwa alipe shekeli 40 za fedha. Msomaji wa kitabu cha Kutoka ataikumbuka sheria ya ng'ombe apigaye watu pembe, ambayo ina maana iyo hiyo: mwenye kuonywa asisikie, hawezi kusema baadaye kwamba kosa ni la mnyama. Tazameni hekima ya watu wale. Hawakujua vijidudu, wala hawakuwa na dawa. Lakini walijua kwamba kila mbwa ana mtu wa kuulizwa.

Kwa miaka elfu nyingi baada ya hapo watu hawakupata dawa. Walichoma majeraha kwa chuma cha moto, wakanywa mitishamba, na wengi wakafa. Ndipo mwaka 1885 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alipoletewa mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyeumwa mahali pengi na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alikuwa amekwisha kujaribu chanjo yake kwa mbwa, lakini si kwa mtu. Tarehe 6 Julai mtoto alianza kuchomwa sindano, akaendelea kuchomwa kwa siku kadhaa, naye akaishi. Katika miaka michache chuo kilijengwa mjini Paris kwa ajili ya kazi hiyo, na Meister alipokuwa mtu mzima alikuwa mlinzi wake. Tangu siku ile kufa kwa kichaa cha mbwa si lazima tena, mradi aliyeumwa afike kwa mganga kabla ya ugonjwa kufika ubongoni.

Walakini kumponya aliyeumwa si sawa na kuuondoa ugonjwa katika nchi. Katika jambo hili mataifa yalishika njia mbalimbali. Uingereza, ambayo ni kisiwa, ilitoa amri mwisho wa karne ya kumi na tisa kwamba mbwa wafungwe midomo wakitembea njiani, na mbwa atokaye nchi za ng'ambo azuiliwe kwanza mahali pa peke yake. Watu wengi walinung'unika, lakini mwaka 1902 ugonjwa ukakoma. Mwaka 1918, mwisho wa vita kuu, ugonjwa uliingia tena, wakashika amri zile zile, na mwaka 1922 ukakoma tena. Fundisho lake ni kwamba amri iliwashika wenye mbwa, wala haikuwaandama mbwa peke yao.

Njia ya pili ni ya kuua au kufukuza. Mwaka 1910 wakuu wa mji wa Istanbul waliamua kuusafisha mji wao. Walikamata mbwa makumi ya maelfu, wakawapeleka kwa mashua katika kisiwa kidogo kisicho na maji katika bahari ya Marmara, na huko wakafa kwa njaa na kiu. Habari hiyo imekumbukwa kwa aibu hata leo, na mji ule bado una mbwa katika njia zake. Mfano wa pili ni kisiwa cha Flores katika nchi ya Indonesia. Mwaka 1997 mbwa wachache wagonjwa waliletwa kwa mashua kutoka kisiwa kingine. Wakuu wakaamuru mbwa wauawe, na mamia ya maelfu wakauawa. Hata hivyo ugonjwa haukuondoka.

Kwa nini kuua hakufai? Sababu zaonekana tukitafakari. Mbwa jike huzaa watoto wengi kwa mara moja, na mahali palipoachwa wazi, penye makombo yale yale, pajazwa upesi na mbwa wengine. Mtu aliyeuliwa mbwa wake huenda kijiji kingine kutafuta mtoto wa mbwa, na pengine huuleta ugonjwa pamoja naye. Mwingine, akisikia kwamba wauaji waja, humficha mbwa wake au humpeleka kwa ndugu wa mbali, naye mbwa akiwa mgonjwa hueneza ugonjwa huko. Zaidi ya hayo, katika kuua, mbwa waliokwisha kuchanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na hivyo boma la kinga hubomolewa na mikono ya wale wale waliotaka kulijenga.

Sasa turudi Afrika ya Mashariki. Katika Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi. Katika Tanzania ugonjwa huu umekaa kwa muda mrefu, na wataalamu walikadiria mwanzoni mwa karne hii kwamba watu wapatao 1,500 hufa kwa ajili yake kila mwaka, wengi wao wakiwa watoto wa vijijini. Duniani pote hesabu iliyokadiriwa ni watu 59,000 kwa mwaka. Karibu wote waliumwa na mbwa.

Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara imeandikwa katika historia ya kazi hii kwa heshima. Tangu mwaka 2010 mpaka 2015 Shirika la Afya Duniani na serikali ya Tanzania, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, walifanya kazi ya kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania pamoja na kisiwa cha Pemba. Kazi kama hiyo ilifanyika pia KwaZulu-Natal katika Afrika Kusini na katika visiwa vya Ufilipino. Wachanjaji walikwenda kijiji kwa kijiji. Watoto wa shule walileta mbwa wamefungwa kwa kamba za katani, kwa mikanda na kwa vitambaa. Hesabu ya watu walioumwa na mbwa wenye kichaa, na ya waliokufa, ikapungua. Mradi ulipokwisha, kazi ilibaki mikononi mwa halmashauri za wilaya, na mikononi mwetu.

Tangu Januari 2011 mpaka Julai 2019 wataalamu waliifuatia habari ya kila aliyeumwa katika Lindi na Mtwara, wakauliza ni mnyama gani, alitoka wapi, na aliuma nani mwingine. Walihesabu watu 688 walioumwa na wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa, na katika hao 47 walikufa. Wanyama wagonjwa waliofuatiwa walikuwa 549. Mbwa walikuwa 303, na mbweha 221. Hesabu hii ya mbweha ni kubwa kuliko ilivyo mahali pengi pa Afrika. Yatufundisha kwamba katika nchi yetu, yenye mapori yanayogusana na mashamba, mbwa azururaye usiku huweza kukutana na mbweha mgonjwa mpakani mwa shamba, akarudi na ugonjwa mpaka katikati ya mji. Mkulima wa mjini aweza kufikiri kwamba porini si kwake. Lakini mbwa asiyefungwa humletea pori mlangoni.

Pemba inatupa matumaini pamoja na onyo. Kisiwani mle mbwa walichanjwa, na mwaka 2014 ugonjwa ukatoweka. Watu wakatulia, na chanjo ikalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa. Ikalazimu kuanza upya, na kwa kuchanja tena ugonjwa ukakomeshwa mwaka 2018. Hivyo twaona mambo mawili: ugonjwa huu waweza kuondolewa hata katika nchi isiyo tajiri, na kinga isiyorudiwa huchakaa kama paa la makuti. Mbwa wetu hawaishi miaka mingi. Wazee hufa, watoto huzaliwa, na baada ya mwaka mmoja wasiochanjwa huwa wengi tena. Wataalamu wasema kwamba katika kila mbwa 10 yapasa 7 wachanjwe, na kazi hiyo irudiwe kila mwaka. Ndipo ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Wengine watauliza, "Twawezaje kuchanja mbwa koko asiye na mtu?" Hapa lile neno la mwanzo latufaa. Waliochunguza vijiji vya Tanzania wameona kwamba mbwa walio wengi waonekanao njiani wana nyumba zao. Hutembea huru, hutafuta chakula wenyewe, lakini yupo mtu amwitaye kwa jina naye akaja. Wasio na mtu kabisa ni wachache. Basi tusemapo "mbwa hawa hawana wenyewe," mara nyingi twasema uongo juu ya jirani yetu, na pengine juu yetu sisi. Mwenyewe yupo, aliyekosekana ni mtunzaji.

Wengine husema kwamba vijiji vyetu ni mbali, hakuna barafu ya kuhifadhia chanjo. Jambo hili nalo limepata nafuu. Chanjo moja itumikayo sana kwa mbwa ilijaribiwa na watafiti katika nchi hii, ikaonekana kwamba ilikaa miezi mitatu katika joto la nyuzi 30 pasipo kupoteza nguvu zake. Kwa hiyo umbali wa Nanganga au wa vijiji vya bonde la Ruvuma si sababu ya kutosha ya kukosa kuchanja. Kinachohitajiwa ni mipango na utayari.

Basi sisi wakaao vijijini na mijini tufanye nini? Yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Kila mwenye mbwa ahesabu mbwa awezao kuwalisha, asizidishe. Na watoto wa mbwa wasitupwe sokoni wala kando ya barabara, maana huko ndiko makundi yanakoanzia. Mbwa afungwe au awekwe bandani mchana, afunguliwe usiku ndani ya ua. Siku ya chanjo ikitangazwa, apelekwe, na cheti kihifadhiwe. Wachinjaji wafukie matumbo na vichwa vilivyo vibovu, na wenye migahawa wasitupe mifupa ovyo, kwa kuwa mji ulishao mbwa kwa taka zake usilalamike wakizaliana. Mwenye kuku na mbuzi ajenge banda imara, lenye mlango ufungikao na miti iliyoshikana chini, kwa maana mbwa huchimba. Na serikali ya kijiji iwe na sheria ndogo iliyo wazi kuhusu fidia, ili mwenye mbuzi asiende kutafuta sumu, bali aende barazani.

Na mtu akiumwa, au akikwaruzwa na mbwa, paka au mbweha, pasiwe na kungoja. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende zahanati au hospitali siku ile ile, naye azimalize sindano zote alizoagizwa hata kama jeraha limekauka. Asipake mafuta wala majivu, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa. Najua gharama ya sindano huwalemea wengi. Watu huuza mbuzi au kukopa. Lakini hesabu ni rahisi kwa mtu awaye yote: chanjo ya mbwa mmoja ni fedha kidogo sana kuliko sindano za mtu mmoja, na sindano za mtu mmoja ni kidogo kuliko kaburi la mtoto.

Mataifa mengi yaliweka shabaha kwamba kufikia mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa cha mbwa aliyekitoa kwa mbwa. Sijui kama tutaifikia sote kwa pamoja. Lakini najua kwamba mji mmoja, au kijiji kimoja, chaweza kuanza bila kungoja vingine. Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nyumba moja ikimfunga mbwa wake na nyumba ya pili ikamwacha wake azurure, kundi litakuwapo bado. Lakini nyumba zote za mtaa zikikubaliana, usiku mmoja njia zitakuwa kimya. Na mbwa yule aliyelinda mihogo ya babu zetu juu ya dungu atarudi kuwa mlinzi wa kuku wetu uani.